Mtoto ana div one na chuo kakosa: mwongozo kamili kwa wazazi na walezi wa Mtwara na Lindi

Kila mwaka ikifika mwisho wa mwezi wa nane, vyuo vikianza kutoa majina, simu yangu inaanza kuita usiku. Ni wazazi, wengine wako Mikindani hapa hapa, wengine Nanyamba, Masasi, Lindi mjini, na karibu wote wanaanza na sentensi moja: "Mwalimu, mtoto hali." Haumwi, ila ameingia kwenye akaunti yake ya kuombea chuo akakuta hakuchaguliwa. Ukiuliza alipata ngapi unaambiwa div one.

Nimefundisha A-level miaka mingi huku Kusini na kitu nilichojifunza ni kwamba kipanga, yule mwenye akili sana darasani, akikosa chuo anaumia kuliko yule aliyefeli, na anaumia peke yake. Aliyefeli watu wanakuja kumpa pole, mama anampikia, mjomba anatuma hela ya soda. Huyu wa div one akilia anaambiwa "sasa wewe unalia nini, wenzako wana ziro", kwa hiyo anajifungia ndani na simu. Tena hajawahi kukosa kitu toka darasa la kwanza, hajui mtu akikosa anafanyaje siku ya pili yake. Wewe ulikosa kazi, ulikosa mchumba, korosho zilikuungulia shambani, unajua kesho yake unaamka unapiga mswaki, yeye hajui bado. Hicho ndicho cha kumsaidia, na huu mwongozo nauandika kwa hatua maana kuna mambo ukiyatanguliza unaharibu.

Mfano nitakaotumia ni wa mtoto wa dada yangu, nimekaa naye toka form one. Alisoma PCB (Physics, Chemistry na Biology), akapata B, B na C, div one ya pointi 7. Tokea form two kwenye jalada la kauntabuku lake la Biology alikuwa ameandika "Dr." mbele ya jina lake kwa kalamu nyekundu. Aliomba udaktari wa binadamu kwenye vyuo viwili vyenye ushindani mkubwa, vyote akakosa. Alikuwa ametoka JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kule Nachingwea wiki moja tu, kichwa kimenyolewa, bado anaamka saa kumi alfajiri kwa mazoea ya kambini. Asubuhi ile nikatoka uani nikamkuta anawasha jiko la mkaa, na karatasi anayowashia ni lile jalada.

Hatua ya kwanza: siku tatu za mwanzo, usitafute suluhisho

Mimi nilikosea hapa, nasema wazi ili wewe usirudie. Nilipoliona lile jalada nikamwambia "achana na hayo, kuna dirisha la pili la maombi, kaoge tuangalie kozi." Kweli dirisha lipo, lakini yeye alisikia kwamba maumivu yake ni usumbufu kwangu. Akaoga, akaja, akajibu "ndiyo mjomba" kwa kila kitu, na hakuna alichokuwa anasikia. Tukapoteza wiki nzima.

Siku tatu za mwanzo kazi yako ni kuwepo tu. Kaa naye barazani, usiwashe tivii, usishike simu. Sema maneno machache na ya kweli: "Pole mwanangu. Najua ulivyoitafuta hii." Basi, halafu nyamaza. Akilia mwache alie, mtoto wa kiume pia mwache alie, na baba usitoke nje kwa sababu hujui uweke wapi mikono. Akitaka kusema chuo kimemwonea, msikilize mpaka amalize, huo si muda wa kumfundisha mfumo unavyofanya kazi, huo muda unakuja.

Maneno ya kuepuka nayajua yote maana yanasemwa kila nyumba. "Mungu ana makusudi yake" ni neno la kweli kwa mwenye imani lakini siku ya kwanza linamziba mdomo, subiri aliseme mwenyewe. "Mtoto wa fulani kapata" hilo usilithubutu kabisa. "Tumekulipia tuisheni yote ile" hilo ataliweka moyoni miaka. Na "si nilikwambia uombe ualimu", hata kama ulimwambia kweli, limeze.

Vitu vidogo vya mwili vina nguvu sana siku hizi. Ale, hata uji. Alale usiku na simu ikae chumba cha mzazi, mwambie sababu wala usimnyang'anye kwa fujo, maana saa nane za usiku ndipo anapoangalia stetasi za wenzake wanaoandika "finally, Dr. to be". Mpe kazi ya mikono yenye mwisho unaoonekana: kuchota maji, kwenda feri kununua samaki, kumenya ming'oko na bibi yake. Kijana wangu nilimpeleka jioni ufukweni Shangani, upepo wa kusi bado unavuma, tukatembea mpaka giza bila kuongea chuo hata neno moja, na njiani kurudi ndipo aliposema mwenyewe, "Mjomba, nitamwambia nini bibi?" Hapo nikajua kidonda hasa kiko wapi. Chuo kilikuwa sehemu tu, kubwa lilikuwa bibi yake ambaye kijiji kizima kilikuwa kinamwita bibi daktari.

Dalili ambazo hazisubiri hatua nyingine

Naiweka hapa katikati kwa makusudi, isome hata kama utaruka vingine vyote. Huzuni ya wiki moja mbili ni ya kawaida na inapanda na kushuka, leo anacheka kesho analia. Ila ukiona anasema "bora nisingezaliwa", "mngekuwa na amani bila mimi", anagawa vitu vyake anavyovipenda, anaaga watu kiajabuajabu, au amekuwa mtulivu ghafla baada ya siku za kulia sana, usipite kimya. Muulize moja kwa moja: "Mwanangu, umefikiria kujiua?" Watu wanaogopa kwamba ukiuliza unampa wazo, hapana, unampa mlango wa kusema. Akikubali usimwache peke yake hata dakika, usimkemee, wala usimwambie ni dhambi muda ule.

Na nyumba zetu za Kusini mwezi wa nane zina dawa za kupulizia mikorosho, nyingine ziko chini ya kitanda au nyuma ya mlango. Zitoe ukazifungie kwa jirani, pamoja na vidonge vyote vya bibi. Hilo fanya mapema tu hata kama hujaona dalili yoyote, halina hasara. Kisha mpeleke hospitali, Mtwara kuna Ligula na Lindi kuna Sokoine, sema wazi mapokezi kwamba ni afya ya akili. Kwa simu ya bure kuna 116 ya msaada kwa mtoto na 199 ya Wizara ya Afya. Na kama hakuna neno la kujiua lakini wiki mbili zimepita hali vizuri, halali, hataki mtu, mpeleke pia. Kumpeleka mtoto hospitali kwa huzuni si aibu, ni kama kumpeleka kwa malaria iliyokataa panadol.

Hatua ya pili: jueni hasa kimekwama wapi

Siku ya nne hivi, akishakula na kulala, kaeni na simu au kompyuta muangalie akaunti yake pamoja. Nasema pamoja kwa sababu wazazi wengi tunaambiwa "kakosa" na tunaishia hapo, kumbe kukosa kuko kwa aina nyingi na kila aina ina dawa yake.

Kuna aliyekosa kwa ushindani. Huyu ndiye wa kawaida kwa vipanga na ndiye anayehitaji kueleweshwa taratibu. Kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), kile cha PDF kinachotoka kila mwaka kwenye tovuti yao, kila kozi ina sifa za chini na ina idadi ya nafasi. Sifa za chini maana yake unaruhusiwa kusimama kwenye foleni, haina maana umepata. Hesabu ya udahili si ile ya div ambako pointi chache ndiyo bora, hapa nyingi ndiyo bora: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kijana wangu mwenye B, B, C ana 11. Udaktari unaruhusiwa kuombwa hata na mwenye D tatu, jumla pointi 6, kwa hiyo alijiona yuko juu sana, lakini foleni ile ina watu wenye 13, 14 na 15 kutoka nchi nzima na nafasi zikijaa zimejaa. Nilimchorea kwenye karatasi, nafasi hizi hapa, watu hawa hapa, wewe uko hapa. Akaangalia muda mrefu. Akasema, "Kwa hiyo sikufeli." Nikamwambia hukufeli, nafasi zimeisha kabla yako. Ile sentensi ilimsaidia kuliko pole zangu zote, kwa sababu ilikuwa hesabu na yeye ni mtu wa hesabu.

Halafu kuna aliyekosa kwa makosa ya fomu, na hili huku kwetu ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, sababu dirisha la kwanza linafunguliwa matokeo yakishatoka mwezi wa saba na watoto wengi wako JKT, simu kule ni shida, basi mzazi anaenda steshenari anamwachia kijana wa pale ajaze kila kitu. Anajaza namba yake ya simu, pasiwedi yake, na kozi anazojua yeye. Namjua mzazi mmoja ambaye mtoto wake wa PCM (Physics, Chemistry na hesabu) mwenye div one ya pointi 5 alijaziwa chuo kimoja tu kozi moja. Mwingine alichaguliwa vyuo viwili, namba ya siri ya kuthibitisha ikaenda kwenye simu ya steshenari, na mpaka inapatikana muda wa kuthibitisha umepita. Kama ni hili, mtoto ajue mapema kwamba kosa si lake, na mzazi ukubali la kwako kwa mdomo wako. "Nilikosea mwanangu, nisamehe, tunarekebisha." Inatosha.

Na kuna aliyepata chuo lakini si kozi aliyoitaka, aliyepata kozi ila mkopo hakupata, na yule aliyekuwa anasubiri Samia Scholarship, ile iliyoanza 2022 kwa waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi, akakuta jina halimo kwa tofauti ndogo. Hawa watu hawawahesabu kama wamekosa, lakini kwa kipanga maumivu ni yale yale, usiwapuuze.

Hatua ya tatu: dirisha la pili, na hapa sasa ni kukimbia

Saa inaanza kuhesabu hapa. Dirisha la pili la maombi huwa fupi, wiki mbili tatu hivi, na kuna miaka lilifunguliwa la tatu na kuna miaka usilitegemee. Nafasi za dirisha la pili zinatoka wapi? Kozi ambazo hazikujaa, na pia waliochaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, wale mnaowaita maltipo, wakishathibitisha kimoja nafasi zao kwingine zinaachwa wazi. Kwa hiyo nafasi nzuri zipo, ila chache.

Fanyeni hivi. Namba ya simu ya kwenye maombi iwe ya nyumbani kwenu, iko hewani, ina chaji. Baruapepe iwe ya mtoto mwenyewe na pasiwedi iandikwe kwenye daftari. Namba ya mtihani ya form four na ya form six, cheti cha kuzaliwa, zote ziwe mezani kabla hamjafungua tovuti. Ada ya kuomba ni kama elfu 10 kwa chuo kimoja, na najua mwezi wa tisa Kusini hela hakuna, ufuta umeshauzwa na umeliwa, korosho mnada haujaanza, kwa hiyo kaeni chini mpange vyuo vitatu badala ya kurusha kwa saba.

Namna ya kupanga kozi ndiyo wengi wanakosea. Usiweke zote za ndoto na usiweke zote za kukata tamaa. Moja iwe ile anayoitaka kwa moyo lakini kwenye chuo chenye presha ndogo kidogo, mbili ziwe anazoziweza kwa pointi zake na anazikubali kweli, na moja iwe ya uhakika ambayo akiipata ataenda. Narudia, ataenda. Kama anaijaza ili akuridhishe tu halafu akipata aikatae, mmejidanganya wote wawili.

Kwa wa PCB, udaktari ukikataa kuna famasia, uuguzi, maabara, radiolojia, fiziotherapia, afya ya mazingira, udaktari wa mifugo pale SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, sayansi ya chakula, uvuvi na ufugaji wa samaki, na hii ya mwisho mtoto wa pwani asiidharau maana bahari anaijua. Lakini usimwagie orodha yote mara moja. Mwambie achague mbili asome zinafanya nini kila siku, kisha mtafutieni mtu mmoja anayefanya hiyo kazi. Kijana wangu nilimpeleka kwa mtaalamu wa maabara mmoja hapa mjini, akakaa naye asubuhi nzima, akamwonyesha vimelea vya malaria kwenye hadubini. Alirudi hajasema kitu, ila usiku nikamsikia anamwelezea dada yake jinsi kile kidudu kinavyoonekana kama pete ndani ya chembe ya damu. Mimi nikanyamaza kimya chumbani, sikutaka kumkatisha.

Kwa wa EGM (Economics, Geography na hesabu), HGE (History, Geography na Economics) na wengine wa biashara, kuna aibu moja ambayo lazima niiseme. Watoto wanaona kusoma TIA (chuo cha uhasibu) tawi la Mtwara au chuo cha Stella Maris ni kushindwa, kwa sababu ni nyumbani, kwa sababu hawapandi basi kwenda Dar. Kama kozi ni nzuri na pointi zinaruhusu, kusoma ukiwa karibu na kitanda chako si kushindwa. Hata UDSM yenyewe, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, imeamua kujenga kampasi Lindi. Ila pia usimlazimishe abaki sababu unamtaka karibu, hilo ni lako si lake.

Ukipata chuo zaidi ya kimoja thibitisha mapema kwa ile namba ya siri inayotumwa kwa SMS, usisubiri siku ya mwisho maana mtandao unajaa.

Mkopo

Kwa ufupi tu. Maombi ya HESLB (bodi ya mikopo) yana muda wake tofauti na wa chuo, kwa hiyo mtoto aombe mkopo hata kama chuo bado hajapata. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wanaosajili vizazi, mapema, sahihi ya mwenyekiti wa mtaa na mhuri wa wakili au hakimu visisubiri siku ya mwisho. Majina yakitoka na hayumo kuna awamu nyingine na kuna dirisha la rufaa, jazeni na muambatanishe kila kithibitisho mlicho nacho. Pia toka mwaka wa masomo 2023/2024 kuna mikopo kwa baadhi ya kozi za diploma za vipaumbele, wengi huku hawajui. Na mtoto asihesabu bumu, hela ya kujikimu ya mkopo, kama hela ya nyumbani, ile elfu 10 kwa siku ni ya chakula na malazi yake, wazazi tusimtumie orodha ya mahitaji kabla hajafika.

Hatua ya nne: kama dirisha la pili nalo limekataa, au limempa asichokitaka

Hapa kuna njia nne na nitasema maoni yangu bila kuzunguka.

Kwanza kwenda kwenye kozi aliyopata akitegemea kuhama. Kuhama kozi au chuo kupo kwa utaratibu wake mwanzoni mwa mwaka, lakini kuhamia kozi zenye ushindani mkubwa ni kugumu sana. Akienda aende kwa sababu anaweza kuisoma ile kozi hata asipohama.

Pili diploma. Kwa kipanga hili linauma, anaona anarudi nyuma, sababu diploma za afya anaweza kuingia hata wa form four. Muelezee kwa heshima. Diploma ya utabibu ni miaka mitatu, akimaliza anafanya kazi, na akiwa na GPA ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba digrii. Mtwara mjini kuna chuo cha serikali cha afya, Ndanda na Nyangao kuna vyuo vya uuguzi vilivyo jirani kabisa na hospitali za misheni, mwanafunzi anashika mgonjwa mapema. Nimeona waliopita njia hii wakawa matabibu wazuri sana. Ila akienda huku amenuna na umemlazimisha, hatafika mwaka wa pili.

Tatu kurisiti, yaani kurudia mtihani. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea NECTA (baraza la mitihani) huwa unaanza mwezi wa saba na mtihani ni mwezi wa tano, kwa hiyo usichelewe kuulizia kituo. Mimi kwa mwenye div one naona kurisiti kuna maana pale tu ambapo somo moja lilimwangusha na sababu inajulikana, aliumwa, mwalimu hakuwepo, na sasa kuna mwalimu wa kumfundisha. Kurisiti masomo yote matatu kwa hasira ili awaonyeshe watu, hapana. Nimeona B zikigeuka D, sababu anasoma peke yake chumbani bila ratiba, bila maabara, bila wenzake.

Nne kukaa mwaka mmoja na kuomba upya mwakani kwa matokeo yale yale, vyuo vingi zaidi na kozi zilizopangwa vizuri zaidi. Matokeo ya form six hayaozi. Kijana wangu alichagua hii, kwa sababu dirisha la pili lilimpa kozi ambayo hata jina lake hakuweza kulielezea. Dada yangu alikasirika, akasema mtoto ataharibikia mtaani, na hofu yake ilikuwa ya kweli maana mitaa ya Chikongola na Magomeni hapa Mtwara tunawaona wanaoharibika. Tukakaa kikao. Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, mjomba ana neno kwa mtoto wa dada yake, na mjomba unayesoma hapa nakuomba utumie hilo neno kumlinda mtoto, si kumaliza mjadala. Tuliandika mwaka wote kwenye karatasi moja: asubuhi tatu kwa wiki kufundisha tuisheni ya Chemistry kwa form three wa mtaani kwa malipo madogo, msimu wa korosho kwenda shamba kwa bibi, kujifunza kompyuta miezi mitatu, na dirisha likifunguliwa mwezi wa saba anaomba vyuo vinne. Mwaka usio na karatasi hiyo ndio unaoharibu watoto. Leo yuko mwaka wa pili, anasoma maabara, aliichagua mwenyewe.

Hatua ya tano: watu

Mtoto anaweza kupona na ndugu wakamtonesha kwa swali moja. Kabla hajakutana na watu mtengenezee jibu fupi analoweza kulisema bila kutetemeka, na mlifanyie mazoezi kweli, wewe ukiwa shangazi mwenye maswali. Letu lilikuwa: "Mwaka huu sikupata nafasi, naomba tena mwakani, saa hizi nafundisha tuisheni." Sentensi moja na hapo anabadilisha mada. Bibi nilienda mwenyewe kumwambia kabla kijana hajafika, nikamwomba asiseme lolote la udaktari. Bibi alifanya zaidi ya nilivyomwomba, kijana alipofika alimpa panga akamwambia, "Afadhali umekuja, kuna mikorosho inasubiri kufyekewa magugu chini." Hakuna aliyeuliza chuo siku mbili nzima.

Grupu la wasap la ukoo, mzazi usiandike chochote kuhusu matokeo yake bila ruhusa yake, wala la huzuni wala la kuombewa. Kama ulimtangaza msikitini, kanisani au mtaani kwamba anaenda kuwa daktari, hilo ni la kwako kulirekebisha, nenda ukaongee na watu wako, usimwachie yeye azibe pengo. Na shule, zile ambazo zilibandika picha yake kwenye bango la geti, mwalimu mkuu unaweza kumpigia simu ya dakika moja kijana wako, usimsahau siku ambayo hana matokeo ya kukupa. Wadogo zake nyumbani nao wanaangalia. Wakiona kaka yao anahurumiwa kama mgonjwa wataogopa kujaribu kitu kikubwa, wakiona anasemwa wataogopa zaidi.

Marafiki zake waliopata, usimzuie kuongea nao. Ila akisema leo hawezi, hawezi.

Siku wenzake wanapoondoka

Hii siku watu wanaisahau na ndiyo ngumu kuliko siku ya majina. Ni mwishoni mwa mwezi wa kumi hivi, au wa kumi na moja, mabasi ya alfajiri ya Dar yanajaa mabegi mapya, magodoro, ndoo, akina mama na vitenge vyao wanalia kwa furaha. Jua tarehe mapema. Muulize anataka kuwepo stendi kuaga au hataki, yote mawili ni sawa, na vyovyote atakavyochagua awe na kitu cha kufanya kinachoanza saa mbili asubuhi ile ile, sehemu ambayo kuna mtu anamsubiri kweli.

Wangu alisema ataenda. Alimbebea begi rafiki yake waliyelala bweni moja miaka miwili, akampandishia mpaka buti ya basi, wakakumbatiana, rafiki akalia yeye hakulia. Basi likatoka. Nilikuwa nimesimama mbali kidogo na pikipiki, sikumwita. Akaja mwenyewe, akapanda nyuma, akasema twende, bibi kasema magunia yawe tayari kabla jua halijawa kali. Tukaenda shamba, akaokota korosho mpaka saa saba, mikono imejaa utomvu wa mabibo, na tulipokaa chini kula akaniuliza kama yule mtaalamu wa maabara angekubali awe anaenda kumwangalia Jumamosi.